Isecheno, Kabla ya Kufika Ziwani

Kati ya Chavakali na Khayega, barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kakamega inateremka bondeni, inavuka Mto Yala, kisha inapanda tena, na abiria wengi hawainui hata macho kutoka kwenye simu zao. Siku niliyopita mimi, mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha. Maji chini ya daraja yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa, na ukingoni povu la hudhurungi lilikuwa limenasa kwenye matete pamoja na chupa za plastiki. Kondakta aliponiona nachungulia dirishani akasema, "Huo udongo wote ni wa Nandi na wa huku kwetu. Unaenda kwa Wajaluo bila kulipa nauli." Matatu nzima ikacheka, nami nikacheka, ingawa ndicho hasa nilichofunga safari kukitazama.

Nilikuwa natoka Kisumu. Pale ziwa hujadiliwa kila siku: bei ya omena, sangara waliopungua, gugumaji lililorudi kuziba njia ya mashua pale Dunga. Ukiuliza nani alaumiwe utatajiwa viwanda, maji taka ya mji, na wavuvi wenye nyavu za matundu madogo. Yote hayo yapo. Ila watafiti wa ziwa kwa miaka mingi wamekuwa wakitazama vilimani pia, na mazungumzo ya ufukweni huwa hayafiki huko.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake ni kidogo kwa ukubwa huo: wastani wa mita 40, na pale penye kina zaidi ni kama mita 80. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake. Kagera, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu, Kuja na mito mingine yote hugawana kilichobaki. Mtu anaweza basi kusema kwamba Yala ikikauka ziwa halitashtuka, na kwa hesabu ya maji matupu atakuwa hajakosea. Shida ni kile ambacho mto umebeba. Chembe za udongo husafiri na fosforasi. Shambani fosforasi ni chakula cha mahindi, ziwani ni chakula cha mwani. Mwani ukinawiri, maji hugeuka kijani na mwanga wa jua haupenyi; ukifa na kuzama, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni ya chini, na samaki wa kilindini hukosa hewa. Baadhi ya mwani wa kijani-buluu hutoa hata sumu. Na kwa kuwa njia pekee ya maji kutoka ni Nile pale Jinja, tena kila mwaka hutoka sehemu ndogo tu ya yaliyomo, kinachoingia ziwani huwa hakina haraka ya kuondoka.

Yala haiingii Ghuba ya Winam ninayoijua kutokea Dunga. Inatoka nyanda za juu za Nandi, inakata kusini mwa Msitu wa Kakamega, inapita Vihiga na Siaya hadi Kinamasi cha Yala, ndipo inafika ziwa kuu. Ndani ya msitu inapokea matawi mawili, Ikuywa na Garagoli, na kila tawi lina vijito vyake visivyo hata na jina kwenye ramani. Nilitaka kuviona vile vijito.

Khayega nilishuka nikapanda bodaboda kupitia Shinyalu. Shinyalu ni maarufu kwa mapigano ya mafahali, na dereva wangu alitumia njia nzima kunisimulia fahali mmoja aliyewakimbiza mashabiki hadi ndani ya hoteli. Sikumkatiza. Kisha mashamba yakaisha ghafla, kama mtu aliyechora mstari, baridi ikashuka juu yetu, na tukawa chini ya miti.

Isecheno si mji. Ni kituo cha misitu, nyumba kadhaa za wafanyakazi, vibanda vya wageni vilivyoezekwa nyasi, kitalu cha miche, duka la hapa na pale, na kelele za hondohondo ambao mabawa yao hutoa mlio wa kufua hewa. Upande huu wa kusini uko chini ya Huduma ya Misitu, KFS. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985, na sasa iko chini ya Huduma ya Wanyamapori, KWS, na huko mwanakijiji haruhusiwi kuokota hata ukuni. Isecheno mambo ni ya mapatano zaidi, na mapatano yana ugumu wake, nitaueleza.

Wanasayansi humtambulisha mgeni kwa msitu huu wakisema kwamba ndio ncha ya mashariki ya misitu ile mikubwa ya Kongo. Ndege zaidi ya spishi 300 wamehesabiwa, vipepeo zaidi ya 400, na nyoka ambao jamaa zao wa karibu utawakuta Uganda na Kongo, si kwingine Kenya. Ulitangazwa rasmi mnamo 1933, wakati ambapo Kakamega ilikuwa imefurika wazungu waliofuata dhahabu. Eneo lililotangazwa ni kama kilomita za mraba 240, lakini ukitembea ndani yake unakutana na mbuga za nyasi, misonobari iliyopandwa, mipera iliyojiotea yenyewe na mikanda ya chai. Msitu wenyewe, ule wa giza, umebaki vipande. Wenye viwanda vya mbao waliufaidi kwa miongo. Nyumba ya Rondo, ambapo leo wageni hunywa chai kwenye bustani nadhifu, ilijengwa mwaka 1948 na mpasua mbao.

Kiongozi wangu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye viatu vya mpira na panga ambalo sikumwona akilitumia. Alinisalimu "Mulembe," akaniuliza kama naogopa siafu, akaanza kutembea bila kungoja jibu. Viongozi wa Isecheno wana historia yao. Mwaka 1995 vijana wa hapa, waliokuwa wakiwatembeza wageni, walianzisha Mpango wa Elimu ya Mazingira Kakamega, unaojulikana na wote kama KEEP. Hoja yao ilikuwa rahisi: mtoto wa Isukha anayeishi hatua mia mbili kutoka msituni hajui majina ya anachokikata, ilhali mgeni kutoka Ujerumani anakuja na kitabu chenye picha zake zote. Wakaanza kufundisha shule za jirani. Baadaye wakaongeza kitalu cha miche, ufugaji wa nyuki na wa vipepeo, na vibanda vya kulala wageni.

Utafiti uliodumu kuliko wote hapa hauhusu maji hata kidogo. Mwaka 1979 Marina Cords, ambaye leo ni profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alianza kuwafuatilia kima wa Isecheno, na kazi ile haijakatika. Kima hawa hutambuliwa mmoja mmoja kwa sura, kwa mikia, kwa makovu. Wanaorodheshwa uzazi wao, urafiki wao, ugomvi wao na makundi ya jirani. Wasaidizi wanaozunguka nao tangu alfajiri ni watu wa vijiji vya hapa hapa. Kiongozi wangu aliwahi kuifanya kazi hiyo, na tulipofika chini ya mutere mmoja mnene, ule mti ambao Watanzania wanauita musizi, alisimama akanyoosha kidole juu. Kima jike alikuwa akibandua gome polepole, akila kitu nisichokiona.

"Huyo mwenye sikio lililochanika," akasema, "binti yake ni yule pale. Na mama yake mwenyewe nilimjua, alikufa mzee."

Nikamuuliza kima wanahusiana nini na ziwa.

"Hawahusiani. Lakini mahali ambapo watu wanapita kila asubuhi na daftari, mwenye msumeno hapapendi."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko mengi niliyosomewa kwenye warsha. Isecheno ina mitego, ina visiki vibichi, ina mashimo ya kuchoma makaa. Nilionyeshwa yote matatu. Lakini eneo la kima, lile linalotembelewa kila siku, lina miti ambayo kwingine ingekuwa milango ya nyumba za Nairobi. Mizizi ya miti hiyo ndiyo inayoshika udongo, majani yake yaliyooza ndiyo yanayoinyonya mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka na kuiachia polepole. Kwa maoni yangu, utafiti wa kima umelifanyia Ziwa Victoria kazi ambayo hakuna aliyeuomba uifanye, na wala haitaandikwa kwenye ripoti yoyote ya ziwa. Vivyo hivyo mradi wa BIOTA, uliofadhiliwa na Ujerumani kati ya 2001 na 2010, uliojaza msitu huu wanafunzi wa shahada za uzamivu, baadhi yao Wakenya ambao sasa ni wahadhiri. Walichora pia ramani za jinsi msitu ulivyopungua.

Upande wa pili wa habari hiyo wenyeji huueleza bila kuzunguka. Mzee mmoja aliniambia amewaona watafiti tangu akiwa kijana, wamemuuliza maswali mengi kuhusu kuni, mifugo na dawa za miti, lakini hajawahi kuona kitabu hata kimoja kilichotokana na majibu yake. Naelewa kwa nini. Vitabu vyenyewe vimeandikwa Kiingereza cha maabara, vikahifadhiwa mahali panapotaka malipo kwa dola.

Kesho yake nilienda kijitoni pamoja na darasa la shule moja ya msingi ya jirani. Mwalimu wao, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha na kicheko chepesi, alikuwa amebeba karai jeupe la plastiki, chujio la chai, na bomba refu angavu lililozibwa upande mmoja. Ndani, kwenye kitako cha bomba, alikuwa amechora msalaba kwa wino mweusi. Kijito chenyewe kilikuwa na upana wa kurukwa na mtoto, maji yake baridi yakipita juu ya mawe meusi yenye utelezi.

Watoto waligeuza mawe. Kila jiwe lilipogeuzwa, mmoja aliweka chujio upande maji yanakoelekea, mwingine akasugua chini ya jiwe kwa vidole, na kilichonaswa kikamwagwa karaini. Mwanzoni niliona mchanga tu. Kisha mchanga ukaanza kutembea. Palikuwa na mdudu bapa mwenye mikia mitatu myembamba kuliko uzi, akiwa amejigandisha kwenye kipande cha jani. Palikuwa na mwingine aliyejijengea kijumba cha chembe za mchanga, akatoa kichwa, akaona mwanga, akakirudisha. Palikuwa na mtoto wa kereng'ende, na kaa mdogo wa rangi ya zambarau aliyewafanya wasichana wawili wapige kelele na mvulana mmoja ajifanye hakuogopa. Wale wawili wa kwanza hasa wanahitaji oksijeni nyingi na mawe yasiyofunikwa na tope. Tope likiingia, nafasi za chini ya mawe huzibika na wao hufa kwanza. Ndiyo maana wanasayansi wa mito ya bonde la Ziwa Victoria huwatumia kama kipimo: hesabu ya wadudu hueleza hali ya maji ya majuma yaliyopita, wakati chupa ya maabara hueleza ya dakika ile ile iliyochotwa.

Bomba likajazwa. Mwalimu alimwita msichana mfupi kuliko wote achungulie kutoka juu. "Msalaba unauona?" "Naona." Wakaongeza maji. "Bado?" "Bado naona." Bomba likajaa hadi mdomoni na msalaba ukawa bado unaonekana. Kisha mwalimu akatoa kwenye mkoba chupa aliyojaza asubuhi ile katika kijito kinachopita sokoni, ambapo bodaboda huoshwa na mashamba ya mahindi yamelimwa mpaka kwenye maji. Msalaba ulipotea kabla bomba halijafika nusu. Darasa zima likanyamaza kidogo, kisha mvulana yule wa kaa akasema kwa sauti ya kushtaki, "Hayo ni ya kina Shamba la Chini." Jina la watu aliowataja nimelibadilisha, kwa sababu nao walikuwa na mtoto pale.

Nilisubiri mwalimu aingize habari ya ziwa. Hakuingiza. Alizungumzia homa ya matumbo, chemchemi, na kwa nini ng'ombe wanyweshwe kwa ndoo badala ya kuingizwa majini. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza.

"Wengi wao hawajaliona ziwa," akaniambia. "Nikisema ziwa, wataandika kwenye daftari. Nikisema chemchemi ya kukhu, bibi yao, wanaenda nyumbani kugombana na baba yao."

Sijui kama kuna mtaalamu wa mawasiliano ambaye angelisema vizuri zaidi. Tangu miaka ya 1990 nchi zetu zimeunda vyombo vingi vya kulilinda ziwa. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoanzishwa 1994, lina makao Jinja. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iko Kisumu. Mradi mkubwa wa usimamizi wa mazingira ya ziwa uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulikuja kwa awamu, ukajenga maabara, ukazalisha wadudu wa kula gugumaji, ukasomesha watu. Sina ugomvi navyo; bila takwimu za vyombo hivyo na za watafiti wa Kisumu, Jinja na Mwanza tusingejua lolote. Lakini mabango yao mengi niliyowahi kuyaona yana picha ya ziwa lenye machweo na maneno ya kutuhimiza tulihifadhi. Mtu wa Shinyalu akiyasoma anaona ni habari ya wavuvi. Katika Kaunti ya Kakamega sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 600 kwa kila kilomita ya mraba, na Vihiga, mto unakopita baada ya kutoka msituni, zaidi ya 1,000. Udongo unaoelekea ziwani unatoka kwenye mashamba ya ekari moja, nusu ekari, robo ekari, yaliyogawanywa kwa wana na wajukuu. Mwenye robo ekari hawezi kuacha kipande cha kando ya maji kwa ajili ya samaki asiowala.

Tena si udongo tu. Sehemu ya fosforasi ya ziwa huanguka kutoka angani, na vumbi na moshi wa mashamba na misitu inayochomwa. Kiongozi wangu hakujua hilo, nikafurahi kumweleza kitu kimoja baada ya yeye kunieleza vyote. Akafikiri, akasema basi hata jiko la mkewe liko ziwani.

Kuni ndizo shauri zito la Isecheno. Asubuhi, kabla ya saa mbili, nilikutana na wanawake wakitoka msituni na mizigo ya vigogo vikavu, kamba zikiwa zimekaza paji la uso. Wana vibali; KFS huruhusu kuokota kuni zilizoanguka kwa malipo ya kila mwezi, kupitia utaratibu wa sheria za misitu; ile ya 2005 ndiyo iliyozaa vyama vya misitu vya jamii. Chama cha hapa kinaitwa Muileshi. Mama mmoja alitua mzigo wake kupumzika nasi. Nikamuuliza kama kuni kavu zinatosha.

"Zinatosha ukienda mbali. Zamani ningeokota hapa barabarani."

"Na zikikosekana?"

Akanitazama, akamtazama kiongozi, akacheka. "Huyo ni mtu wa KEEP, nitasema nini mbele yake?" Kisha akasema mti ukipigwa pete ya gome leo, mwaka kesho umekauka wenyewe, na askari hana la kumwuliza mtu kuhusu mti uliokufa. Kiongozi hakumkemea. Aliniambia baadaye kwamba ukimkemea hatakuambia tena, na kwamba yeye mwenyewe mama yake alimlea kwa kuni hizo hizo.

Kuna waliotafuta njia nyingine ya kula bila kukata. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kando ya msitu, kwa msaada wa wanasayansi wa taasisi ya ICIPE, kilianza kupanda mashambani aina ya mrihani wenye harufu kali ya kafuri, ambao kabla ya hapo watu waliuchuma porini kutibu mafua na kufukuza mbu. Majani hukamuliwa mafuta, mafuta yakawa dawa ya kuchua iitwayo Naturub, iliyosajiliwa na kuuzwa madukani. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nilipewa ninuse tawi: pua ilifunguka hadi kisogoni. Kwa jinsi ninavyoona, hapo ndipo utafiti ulipoongea lugha ambayo kila mtu anaielewa, yaani kilo na shilingi, ingawa mrihani wenyewe hauwezi kulisha kata nzima.

Jioni tulipanda kilima cha Lirhanda, chenye handaki la zamani la wachimba dhahabu ambamo sasa popo wamehamia. Kutoka juu mpaka unaonekana wazi. Huku kijani kizito kilichovimba, kule viraka vya mahindi na mapaa ya mabati hadi upeo wa macho. Ziwa halionekani. Lakini tukiwa pale nilimweleza kiongozi habari ya samaki waitwao furu, kwa sababu alikuwa ameniuliza kama kweli maji machafu huua samaki, akidhani labda sangara ndiye aliyewamaliza.

Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amewala furu kwa mamia ya spishi. Hilo linajulikana. Lakini mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi yao kusini mwa ziwa, upande wa Tanzania. Furu jike humchagua dume kwa rangi yake: wa buluu kwa wa buluu, mwekundu kwa mwekundu. Maji yakiwa na ukungu wa mwani, rangi hazionekani, jike anakosea, spishi zinachanganyika na tofauti zao zinafutika bila yeyote kuliwa. Kiongozi alitulia kwa muda, kisha akauliza kama tope la Yala ni sehemu ya ukungu huo. Nikamwambia Yala ni mto mmoja kati ya mingi, na pale Mwanza inafika mito mingine. Ila kanuni ni ile ile.

Yala, tena, ina bahati ambayo mito mingine haina. Kabla ya ziwa inakutana na Kinamasi cha Yala, mojawapo ya vinamasi vikubwa kabisa vya maji baridi nchini Kenya. Mafunjo yake huzuia mwendo wa maji, tope likatua. Na pembeni ya kinamasi hicho, katika Ziwa Kanyaboli, bado wanaishi ngege wa asili, wale ambao Michael Graham alipokuja kupima uvuvi wa Ziwa Victoria mnamo 1927 walikuwa ndio samaki wa thamani kuliko wote, akapendekeza nyavu zao zisiwe na matundu chini ya inchi tano. Ziwa kuu limewapoteza. Kanyaboli imewaweka. Kinamasi chenyewe kimekatwa sehemu kwa ajili ya kilimo tangu miaka ya 1960, na mgogoro kati ya wawekezaji, wakulima na wavuvi haujaisha, kwa hiyo bahati hii si ya kuitegemea sana.

Usiku wangu wa mwisho nilikuwa kwenye kihoteli cha chai na mandazi karibu na kituo. Kiongozi wangu alimkuta pale mzee mwenye shamba linaloshuka hadi kijito cha sokoni, na mikaratusi mirefu iliyojipanga kwenye ukingo. Nilitambua kwamba mazungumzo yao yalikuwa yameanza miezi mingi kabla ya mimi kufika.

"Mzee wangu, ile miti inakunywa kijito," kiongozi alisema. "Na sheria inataka uache mita sita hadi thelathini kutoka kwenye maji."

"Mita thelathini zikiondoka nitalima barabarani?"

"Sijasema ulime barabarani. Nimesema ukiivuna usiiache ichipue. Tupande mianzi na lusiola mahali pake."

"Mianzi inalipa karo?"

"Inalipa, ila polepole."

"Shule haingoji polepole." Mzee alimimina chai kwenye kisahani, akapuliza. Alisema mnunuzi wa nguzo za umeme alishakuja kuipima ile mikaratusi, na ataikata Januari, wakati wa karo. Kiongozi akauliza kama visiki vinaweza kung'olewa baada ya hapo. Mzee akauliza nani atamlipa mng'oaji. Kiongozi akasema atatafuta vijana watatu na miche kutoka kitaluni. Mzee akauliza ni miche mingapi, na ya urefu gani, kwa sababu mara ya mwisho aliletewa ya kimo cha kidole na mbuzi wakaimaliza kwa siku moja.

"Ya kufika magotini," kiongozi akasema.

"Basi lete Januari. Na usiniletee karatasi ya kusaini."

Wakaanza kubishana kuhusu nani atajenga uzio wa mbuzi.